Chuma Hakipoi kwa Amri

Wifi yangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini pale karakana hakuna anayelikumbuka. Wanamwita Bado. Mtu akipita karibu na kalibu, yale masanduku makubwa ya mchanga ambamo chuma kilichoyeyuka humiminwa kikageuka gurudumu au mfuniko au chochote kilichoagizwa, lazima aulize, "Vipi, tayari?" Naye bila kuinua macho kwenye daftari lake hujibu, "Bado." Amejibu hivyo miaka minne. Jina likamganda.

Mimi ni mpishi wa karakana hiyo hiyo. Bado ameolewa na kaka yangu, fundi cherehani, mtu mpole ambaye hajawahi kumaliza ugomvi kwa sababu hajawahi kuuanza. Tunaishi nyumba moja, vyumba vitatu na ua mmoja, kwa hiyo ugomvi wa kazini tunaubeba hadi nyumbani, na wa nyumbani tunaurudisha kazini asubuhi. Msiniulize kama nampenda. Nampenda sana, lakini mwanamke yule ana maudhi. Ukimwekea chai mezani hainywi, anaitazama.

Nisiwafiche, habari hii inanihusu kwa ubaya. Nitaisimulia hivyo hivyo ilivyokuwa. Chumvi naitia kwenye sufuria, siitii kwenye maneno, ingawa kupunguza maneno napunguza, na hilo nalo mtaliona.

Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kuchekecha mchanga. Asubuhi hadi jioni, chekeche mkononi, vumbi hadi kwenye kope. Shule aliiacha kabla ya kumaliza sekondari, si kwa kushindwa, bali nyumbani kwao waliamua wadogo zake ndio waendelee. Hesabu zilibaki kichwani mwake hazina kazi. Sasa mtu mwenye hesabu kichwani ukimweka mahali vitu vinapasuka kila wiki, atatulia kweli?

Maana vilikuwa vinapasuka. Wakati huo uamuzi wa kalibu ifunguliwe saa ngapi ulikuwa mikononi mwa fundi mkuu, tena mikononi hasa. Mzee huyo anaitwa Kiganja. Anaweka kiganja juu ya mchanga, anahesabu hadi kumi, akivumilia anasema, "Fungueni." Vitu vidogo vilitoka salama. Vikubwa, vyenye sehemu nene na sehemu nyembamba, vilitoka na ufa. Mwaka ule magurudumu matatu makubwa yaliishia kuyeyushwa upya.

Siku moja Bado, akiwa na chekeche lake, akamwambia, "Shikamoo baba. Samahani, lakini unachogusa ni mchanga wa juu. Chuma kiko chini."

"Mkono huu ulikuwa unasubu chuma kabla hujazaliwa," akajibu Kiganja.

"Ndiyo maana umekuwa mgumu, baba. Hausikii tena joto."

Mafundi walicheka hadi wakashika mbavu. Kiganja akanuna wiki nzima, na mimi nikawa nampelekea chai ya pekee ili asije akamfukuzisha wifi yangu. Hilo Bado halijui hadi leo.

Hesabu zenyewe alianzia kwenye kikombe changu. Aliazima kipimajoto stoo, akaja nacho nyumbani Jumapili, akakizamisha kwenye chai niliyojimiminia mwenyewe. Kaka yangu alikuwa anashona pindo la suruali pembeni. Bado akatazama saa, akaandika, akatazama tena.

"Njoo uone, wifi," akasema. "Chai ilikuwa digrii tisini. Chumba hiki kina thelathini. Tofauti yao sitini. Zimepita dakika ishirini, chai ina sitini, tofauti imekuwa thelathini. Dakika ishirini nyingine, tofauti ni kumi na tano. Unaona? Inakatika nusu, halafu nusu ya nusu. Mwanzoni inakimbia, mwishoni inatambaa, lakini muda wa kukatika nusu ni ule ule."

"Na chai yangu je?"

"Hii hapa."

"Imepoa."

"Si ndicho ninachokueleza saa nzima?"

Kaka yangu aliinamia cherehani yake, mabega yakimtikisika. Nilimwaga ile chai uani kwa hasira, lakini somo lilinikaa. Hata leo nikiipua sufuria najua: usiulize kitu kina moto kiasi gani, uliza kimezidi hewa kwa kiasi gani.

Basi akayapeleka hayo kwenye chuma. Kwa mwaka mzima, kila kitu kilichosubiwa pale, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, alikiandika: uzito, unene, mchanga mkavu au wenye unyevu, joto saa fulani, joto saa nyingine. Alikuwa na waya mrefu wa kupimia joto, ncha moja anaipenyeza kwenye tundu la mchanga hadi karibu na chuma, nyingine imeshikana na kisanduku chenye mshale. Mafundi walimwona kama mganga. Lakini vitu alivyovipangia saa ya kufunguliwa vikaacha kupasuka, na mwenye karakana, ambaye sote tunamwita Tajiri ingawa koti lake ni lile lile tangu nianze kazi, akaanza kumsikiliza kwa sikio moja.

Ndipo ikaja oda ya gurudumu la kiwanda cha mbao. Kilo mia nne. Katikati lina kitovu kinene kama kinu, kutoka hapo mikono sita inakwenda kwenye ukingo. Gurudumu la aina hiyo ni hatari kwa sababu mikono inapoa kwanza na kusinyaa, kitovu bado kina moto, basi vinavutana. Ukilifunulia hewa mapema, au upande mmoja ukipoa kuliko mwingine, unasikia tu mlio, na kazi imekwisha. Kule kiwanda cha mbao msumeno ulikuwa umesimama wiki ya pili, wakilisubiri.

Tajiri akatukusanya uani, akasema mbele ya watu wote, "Bado, hili ni lako. Likitoka zima, kupoza kote hapa kutakuwa chini yako, na Kiganja mwenyewe atakuuliza wewe kabla ya kufungua. Likipasuka, tusisikie tena habari ya daftari. Unarudi kwenye chekeche."

"Sawa," akasema Bado. Alijibu kavu, lakini mchana ule sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Wakamimina Jumanne. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi Bado akasoma mshale: mia sita na sabini. Hewa ya karakana thelathini. Tofauti mia sita na arobaini. Kitu kikubwa namna ile, alishajua, kinakatika nusu kila saa kumi na mbili. Akachukua chaki, akachora ukutani mstari unaoshuka kama mteremko, na vituo vyake: Jumatano jioni mia tatu na hamsini, Alhamisi asubuhi mia na tisini, Alhamisi jioni mia na kumi, Ijumaa asubuhi sabini. "Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tunafungua," akasema. "Kabla ya hapo mtu asiliguse, asiliegemee, asilipumulie."

Kila mtu aliitikia. Na mimi niliitikia.

Sasa nisikilizeni kwa huruma. Jiko langu la mkaa lilikuwa limetoboka chini, moshi ulikuwa unanitoa machozi kama msibani, na nilishamwambia Tajiri mara tatu. Pale karibu, hatua kumi tu kutoka jikoni, limekaa sanduku la mchanga lenye ukubwa wa kitanda, juu yake kunafuka joto la bure. Ni kweli Tajiri alishapiga marufuku kuweka sufuria juu ya kalibu, tangu siku alipong'ata punje ya mchanga kwenye wali. Lakini marufuku ya mtu asiyenunua jiko ina uzito gani?

Jumatano ile, Bado alipokwenda stoo, nikaweka sufuria ya maharage juu ya mchanga, katikati kabisa, penye moto zaidi. Pembeni kidogo tu ya waya wake. Hadi saa sita yalikuwa yameiva, laini, hayakuungua hata moja. Mafundi walilamba sahani. Hata Bado akaniuliza, "Wifi, leo umeyafanyaje?" Nikamjibu, "Mkono tu." Jioni mshale ukasoma mia tatu na arobaini badala ya mia tatu na hamsini. Akakunja uso, akasema labda ni upepo wa mlangoni. Nikasema, "Upepo wa leo ulikuwa mkali kweli."

Alhamisi alfajiri mshale ulisema mia na themanini na tisa. Hesabu ilitaka mia na tisini. Bado alifurahi hadi akamsalimia Kiganja mara mbili. Nami, kichwa kikiwa kimevimba kwa sifa za maharage, nikaona heri leo nipashe maji ya kuoshea vyombo. Nikateka ndoo, nikaipandisha pale pale. Saa tatu nikaenda kuichukua. Nilipoinyanyua, mkono wa ndoo ukachomoka upande mmoja.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wao walikuwa wanatoa mfano. Mimi yalinimwagikia kweli. Yalitandaa juu ya mchanga, yakatafuta tundu la waya kama yanayoijua njia, yakaingia. Ukatoka mvuke, ukasikika mlio wa *shhh* mrefu. Mafundi wote walikuwa upande wa tanuri, kelele tupu, hakuna aliyegeuka. Nikasimama pale na ndoo tupu. Kisha nikachota mchanga mkavu kwa viganja, nikafukia palipolowa, kama paka. Nikajisemea, maji ni maji, yatakauka.

Saa sita kamili Tajiri akaingia mbio, simu mkononi. "Wenye mbao wamepata lori leo. Linakuja saa nane. Bado, hebu soma mshale."

"Bado, Tajiri. Ni kesho asubuhi."

"Nimesema soma."

Bado akainama kwenye kisanduku. Akakigonga kwa kidole. Akainama tena.

"Unasemaje?" akauliza Tajiri.

"Sabini na tano."

"Si ulisema linafunguliwa kwenye sabini?"

"Lakini haiwezekani. Saa hizi inatakiwa iwe mia na arobaini na tatu. Haiwezi kushuka hivyo."

"Kipimo ni chako," akasema Tajiri. "Sikukileta mimi, hakukileta Kiganja. Kipimo chako mwenyewe kinasema limepoa, na wewe unasema halijapoa. Sasa tumsikilize Bado yupi?"

Mafundi walikuwa wameshakusanyika, wengine na makoleo tayari. Bado akafungua daftari, akapiga hesabu akiwa amesimama. Akaipiga tena. Akauliza kwa sauti, "Kuna mtu ameligusa?" Mmoja mmoja wakakana, na walikuwa wanasema kweli. Kiganja, bila ubaya, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Labda kinachokudanganya ni hiyo hesabu yenyewe. Hata mimi mkono wangu ulinidanganya mara tatu."

Ki nguoni mwako! Nilisimama nyuma yao na mwiko mkononi, jasho likinitoka mgongoni, na Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa: wakifungua likatoka zima, hakuna atakayejua. La pili lilikuwa: likipasuka, watasema ni hesabu. Naeleza kama nilivyowaza.

Bado alisogea ukutani. Akatazama ule mteremko wake wa chaki, vituo vyote vikiwa vimepangana vizuri, isipokuwa kile cha mwisho kilichokuwa kimeanguka chini peke yake kama mtoto aliyekosa ngazi. Miaka minne namjua pale, sijawahi kumwona akisita. Mwanamke huyu alimbishia Kiganja akiwa na chekeche mkononi. Amewahi kumbishia daktari. Sasa akainua kona ya kanga yake, akaanza kufuta ukuta. Taratibu, kuanzia juu. Akageuka kwa Tajiri, akafungua mdomo, na nikaona kwenye midomo yake kwamba neno linalokuja ni "fungueni".

"Nililimwagia maji," nikasema.

Hakuna aliyesikia, au walidhani nazungumzia sufuria. Ikabidi nipaze sauti. "Nimesema nililimwagia maji! Mimi! Saa tatu. Niliweka ndoo juu ya kalibu, mkono wa ndoo ukachomoka, maji yakaingia kwenye tundu la waya. Nikafukia. Na jana niliweka maharage. Hesabu yake haina kosa, kosa ni langu."

Mtu mmoja akasema kwa nyuma, "Ndiyo maana yalikuwa matamu," akanyamazishwa. Tajiri akageuka rangi. Nami nilikuwa namtazama wifi yangu tu, nikingoja. Nilidhani atanitukana mbele ya watu, na ningekubali. Nilidhani atalia. Alinijia hadi puani.

"Saa tatu kamili au na dakika?"

"Eh?"

"Saa, wifi! Saa ngapi hasa?"

"Saa tatu na... na robo hivi."

"Maji ya baridi au yalishapata moto?"

"Vuguvugu. Yalikaa juu tangu saa moja."

"Kiasi gani?"

"Nusu ndoo," nikasema.

"Upande gani? Onyesha. Yalikwenda hadi wapi?" Penseli ilikuwa inakimbia tayari. Nikaonyesha. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole, mchanga mweusi wenye maji ukatoka chini ya ule mkavu wangu. Akaunusa, akaubinya, akasema "ahaa" kama mtu aliyeona funguo zake. Akaamuru waya uchomolewe, litobolewe tundu jipya upande wa pili kabisa, pakavu. Wakatoboa. Waya ukaingia. Tukazunguka kile kisanduku watu kumi na mbili, tunautazama mshale unavyopanda. Mia. Mia na ishirini. Mia na thelathini na tano, ukasita, ukapanda tena kidogo, ukasimama.

"Mia na arobaini na moja," akasoma Tajiri mwenyewe.

Hesabu ilisema mia na arobaini na tatu. Kiganja akasogea, akaweka mkono wake maarufu upande uliolowa, kisha upande mkavu. Akautazama ule mkono. "Huku ningesema fungueni," akasema. "Ningesema kabisa."

Wakati huo Bado hakuwa na nafasi ya kufurahi. Upande mmoja ulikuwa umelowa, maana yake ulikuwa unapoa kwa haraka kuliko mwingine, na mkono mmoja wa gurudumu ulikuwa pale pale chini. Akaagiza mchanga mkavu wa moto kutoka pembeni mwa tanuri urundikwe mahali palipolowa, juu yake magunia, na mlango wa upepo ufungwe. "Na hatufungui kesho asubuhi," akasema. "Kesho jioni. Tofauti ifike ishirini, siyo arobaini. Lipate muda wa kusawazishana."

"Na lori?" akauliza Tajiri.

"Chuma hakipoi kwa amri, Tajiri."

Tajiri akatoka nje kupiga simu. Tulimsikia akianza kwa ukali na kumaliza kwa "ndugu yangu, ndugu yangu, nielewe". Aliporudi, hasira yake ikanikumbuka. "Wewe na masufuria yako, toka jikoni kwangu! Nisikuone hadi lile gurudumu litoke. Na likitoka na ufa, usirudi kabisa."

Nilitoka.

Nyumbani jioni ile Bado hakusema nami. Hakunikasirikia kwa maneno, angalau ningejitetea. Alikula, akanawa, akafungua daftari. Nikamweleza kaka yangu yote. Alikuwa na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja kwanza, mtu wa tahadhari.

"Ulimwagia maji chuma cha mke wangu?"

"Iliponyoka."

"Na ukafukia?"

"Nikafukia."

"Tangu utotoni," akasema. "Ulivunja chungu cha mama ukakifukia bustanini. Kikaota?" Akacheka peke yake hadi akatafuta leso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza ile kona ya kanga ikifuta ukuta. Kufukuzwa jikoni kuliniuma, lakini ukweli ule ndio ulionichoma: nilikuwa karibu kumfanya mwanamke yule asijiamini tena maisha yake yote, kwa ajili ya maji ya kuoshea vyombo.

Ijumaa saa kumi na moja jioni nilikwenda, sikualikwa. Nikasimama nje ya geti, mlinzi akajifanya hanioni. Saa kumi na mbili wakaanza. Magunia yakaondolewa, kisha mchanga wa juu, kwa makoleo, kisha kwa mikono, kisha kwa brashi. Gurudumu likajitokeza jeusi, zito, kama linalotoka usingizini. Mshale ulikuwa umesoma hamsini na moja.

Lakini macho hayaoni kila ufa. Kipimo cha mwisho ni nyundo ndogo: chuma kizima kikigongwa kinalia, chenye ufa kinakohoa. Tajiri akampa Kiganja nyundo. Kiganja akaitazama, akampa Bado.

Akagonga mkono wa kwanza. Ukalia, sauti ndefu. Wa pili ukalia. Wa tatu, wa nne, wa tano. Wa sita ndio uliokuwa chini ya maji yangu. Bado alisimama mbele yake muda mrefu, nyundo imeshuka ubavuni. Nikashika nondo za geti. Akagonga.

Ukalia kama wenzake. Ukalia hadi kwenye mabati ya paa, na kabla haujaisha watu walikuwa wanapiga kelele, Kiganja anacheka na meno yake yote manne, Tajiri ameshika kichwa. Akamshika Bado mkono, akasema mbele ya wote kwamba kuanzia kesho kalibu zote ziko chini yake, Kiganja shahidi. Mafundi, ambao kwa siku mbili walikula mkate mkavu, wakaona hapo hapo pana mwanya wakauliza habari yangu. Tajiri akasema basi, nirudi, jiko jipya litanunuliwa, na atakayeonekana na kijiko karibu na kalibu atasubiwa naye.

Niliingia kimyakimya hadi jikoni kwangu nikaanza kupanga vyombo. Bado akanifuata. Akakaa kwenye kigoda, daftari mapajani. Nikadhani amekuja kutamba, nikajiandaa kumsifu. Badala yake machozi yalimtoka, bila sauti, mengi.

"Nilikuwa nafuta, wifi," akasema. "Uliona? Hesabu ilikuwa sawa, nami nikawa naifuta kwa mkono wangu mwenyewe."

"Niliona. Ndiyo maana nilisema."

"Ungechelewa kidogo, ningewaambia wafungue."

"Najua. Nisamehe, wifi. Nisamehe kweli."

Akajifuta uso kwa ile ile kanga, ikamwachia chaki shavuni. Nilichuchumaa karibu yake, nikamshika goti. Kisha akavuta pumzi, akafungua daftari, akanionyesha ukurasa uliojaa tarakimu, na katikati yake mviringo wa penseli umezunguka kitu.

"Kuna kitu kimoja hakikai," akasema. "Nimekipiga jana usiku kucha. Maji ya nusu ndoo, vuguvugu, hayawezi kuushusha mshale hadi sabini na tano. Yangeushusha hadi mia, labda tisini na tano. Ili ushuke vile hesabu inataka ndoo nzima."

Akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananingoja tu, kama anavyongoja chuma.

"Ilikuwa nzima," nikasema. "Ilijaa pomoni."

Akafuta "nusu" kwa kifutio, akapuliza vumbi lake, akaandika "nzima".